Baridi si adui wa baiskeli: Eastlands ipewe njia ya kutokea

Kila mwaka ifikapo Juni, mtaa wa Jericho hubadilika tabia. Watu huingia nyumbani mapema, moto wa wachoma mahindi huzungukwa na watu wengi wanaoota kuliko wanaonunua, na Jumapili asubuhi, saa ambayo mwezi Januari vijana wangekuwa wameshajaa uwanjani Camp Toyoyo, wengi bado wamejifunika blanketi. Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: baridi.

Naandika kulipinga jibu hilo. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi bora kuliko yote kwa mkazi wa Nairobi kupanda baiskeli na kwenda mashambani kwa raha zake. Kinachowazuia vijana wa Jericho, Maringo, Bahati na Uhuru wasifanye hivyo si baridi. Ni barabara tulizojengewa, pamoja na fikra tuliyorithishwa kwamba starehe ya baiskeli ina wenyewe, na wenyewe si sisi.

Tuanze na baridi yenyewe, maana inaogopwa kuliko inavyostahili. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Julai jua limehamia kaskazini, na pepo za kusini-mashariki zinasukuma hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo inapopanda miinuko iliyo mashariki ya Bonde la Ufa hupoa na kuwa wingu zito la chini, ambalo laweza kulifunika jiji tangu alfajiri hadi alasiri. Ndiyo maana tunakaa siku kadhaa bila kuliona jua, na bado mvua hainyeshi. Alfajiri kipimajoto husoma nyuzi 10 hadi 12 hivi, na mchana hupanda hadi 21 au 22. Julai ni miongoni mwa miezi yenye mvua chache kabisa jijini. Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni neema mara mbili: jua halimchomi, na njia za udongo na murram, ambazo Aprili ni tope la kunasa magurudumu, Julai ni ngumu na zinapitika.

Mwili nao una hesabu yake. Mtu anapokanyaga pedali, takriban robo tu ya nguvu anayoitumia ndiyo inayoisukuma baiskeli. Robo tatu zinazobaki hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke. Kukiwa na jua kali, moyo hufanya kazi mbili, kuilisha misuli damu na kuipeleka damu hiyo kwenye ngozi ili ipoe, na hapo ndipo mtu huishiwa nguvu kabla ya kufika mbali. Kukiwa na baridi, hewa yenyewe huupoza mwili. Wakimbiaji wetu wanalijua jambo hili vizuri. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, waandalizi walikuwa wameitafuta kwa makusudi asubuhi ya baridi. Kaptagat, anakofanyia mazoezi, hakuna anayesubiri jua lipande ndipo atoke. Kama baridi ni rafiki wa miguu ya bingwa, kwa nini iwe adui wa miguu ya kijana wa Jericho?

Sasa tutoke mtaani. Mtu wa Jericho ana bahati ambayo huenda hajawahi kuifikiria: mashamba yako karibu naye kuliko yalivyo kwa wengi jijini. Akiifuata Barabara ya Rabai hadi Outer Ring, kisha akaishika Barabara ya Kangundo, atapita Umoja, Komarock, Saika na Njiru, na akishaiacha Ruai nyuma yake anga hufunguka. Majengo ya ghorofa huanza kuachana, upepo wa nyanda za Athi humkuta kifuani, na harufu ya moshi wa jiji hukatika. Mbele yake ni Kamulu, halafu Joska, halafu Malaa, halafu Tala. Upande mmoja wa barabara kinasimama Kilima cha Koma, wanakohiji Wakatoliki. Nchi inateremka kidogo kidogo kuelekea Mto Athi, kisha inaanza kupanda vilima vya Ukambani, na hapo miguu hujua kwamba imetoka nyumbani.

Julai ni wakati mzuri wa kuiona nchi hiyo. Mahindi ya mvua ya masika yamekauka shambani yakisubiri kuvunwa, na mbaazi ziko njiani kukomaa. Wingu la asubuhi likiwa bado chini, vilima vya Kangundo huonekana vya samawati, kimoja nyuma ya kingine. Sokoni Tala utapata chai ya maziwa yenye moto wa kuunguza ulimi, na ukibahatika utapata sahani ya muthokoi. Utawakuta pia waendesha baiskeli wa kweli wa nchi hii, akina baba na vijana waliofunga mitungi ya maji kwenye keria, wakizisukuma baiskeli mlimani bila kulalamika. Wao hawajui kama kuna msimu wa baiskeli. Kwao kila siku ni msimu.

Mwenye pumzi zaidi atapinda Tala kuelekea Kilimambogo, mlima ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk, wenye kilele cha mita 2,145. Kwenye mteremko wake amezikwa William Northrup McMillan, mlowezi tajiri ambaye jina lake liko juu ya mlango wa maktaba kubwa ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931. Maktaba hiyo ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara, na humo wengi wetu tulisomea mitihani kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi ya kufungua daftari. Mtoto wa Makadara amelisoma jina hilo, lakini mlima wenyewe anauona kwa mbali tu siku anga likiwa safi. Kufika chini ya mlima huo kwa nguvu za miguu yake mwenyewe ni elimu ya jiografia na ya historia isiyopatikana darasani.

Upande wa pili wa jiji kuna safari nyingine, yenye baridi ya kweli. Ukilivuka jiji, ukapita kando ya Msitu wa Karura ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawanywe kwa wanyakuzi wa ardhi, utaishika Barabara ya Kiambu na kupanda kupitia Ndumberi hadi Tigoni na Limuru, juu ya mita 2,200. Huko Julai ukungu hulala juu ya majani chai hadi karibu adhuhuri, na manyunyu huloweka nyusi kabla hujajua kama yananyesha. Ni huko Limuru ambako chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza, mwaka 1903. Barabara zinapanda na kushuka katikati ya mashamba, na ukisimama kwenye ukingo wa shamba unasikia maji usiyoyaona yakipita bondeni. Sijui dawa nyingine inayomtoa mtu uchovu wa wiki nzima ya kelele za Jogoo Road kuliko saa moja katika barabara hizo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watu wa Karen na Muthaiga. Hoja hii naiheshimu kwa sababu ina mizizi katika historia yetu. Jericho ilijengwa na Halmashauri ya Jiji mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi. Sehemu yake moja ilipewa jina la Lumumba, shujaa wa Kongo aliyeuawa Januari 1961, na majina ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo yanamkumbuka diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Kwa wazazi wetu baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Ile baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia, Black Mamba, ilimpeleka baba Industrial Area kabla ya jua kuchomoza na kumrudisha usiku na unga kwenye keria. Kijijini ilibeba maziwa, ndizi, makaa na wagonjwa. Mpakani Busia ilizaa bodaboda, kabla pikipiki hazijalichukua jina hilo.

Kwa sababu hiyo, familia ilipoinuka kidogo kimaisha, jambo la kwanza lilikuwa kuiacha baiskeli. Kuiendesha ukiwa na nauli mfukoni kulionekana kama kurudi nyuma. Watoto walikodishiwa baiskeli mtaani kwa dakika chache, wakaendesha wakizunguka nyumba, na walipobalehe wakaambiwa hayo ni mambo ya kitoto. Wasichana wengi hata dakika hizo hawakupewa. Basi kwa mtu mzima wa Eastlands baiskeli ikabaki na sura mbili tu: umaskini wa maskini au mchezo wa tajiri. Sura ya tatu, ya mtu wa kawaida anayetoka Jumapili kwenda kuiona nchi yake, haikuwahi kuchorwa.

Lakini tazama mchezo huo umetoka wapi. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na aliyemfundisha mchezo huo akiwa kijana mdogo ni David Kinjah, Mkenya wa mji wa Kikuyu, mwanzilishi wa kikundi cha Safari Simbaz. Makao ya Kinjah yalikuwa nyumba ya kawaida kijijini, na vijana waliojifunza kwake walikuwa wana wa wakulima na vibarua. Walipanda na kushuka milima hiyohiyo ya Kiambu katika baridi hiyohiyo. Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017 na akawa nahodha wa Team Amani, akiwafungulia njia vijana wa Afrika Mashariki, hadi alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, mwezi Agosti 2022. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa bara la Afrika. Baada ya hayo yote, nani bado anaweza kusema kwamba baiskeli ya raha na ya michezo si yetu?

Na simaanishi kwamba kila kijana awe bingwa. Ubingwa ni wa wachache. Ninachokitetea ni raha ya wengi, ambayo haihitaji saa ya kupimia kasi wala nguo za kubana. Inahitaji baiskeli nzima, hata kama ni ya mtumba na haina gia nyingi, breki zinazoshika, tyubu ya akiba, pampu, na fundi wa mtaani aliyeikagua cheni na spoki siku moja kabla. Wazee wetu walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kijana aliyezifikia Tala na Tigoni kwa miguu yake anarudi akiwa na jambo la kusimulia, anajua nchi inapoanzia baada ya jiji kuisha, na anajua uwezo wa mwili wake. Aliyekaa ndani Jumapili nzima akiitazama simu hana hata kimoja kati ya hivyo.

Wazazi nao wana hofu yao, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mama wa Eastlands akiona mtoto anatoka alfajiri ya Julai, neno la kwanza ni nimonia. Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo huenea zaidi tunapojifungia wengi katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa na jiko la makaa linawaka. Moshi huo ni hatari kwa mapafu kuliko upepo wa Ruai. Mwenye pumu ndiye anayepaswa kujihadhari, maana hewa baridi na kavu yaweza kuamsha ugonjwa wake. Huyo ashauriane na daktari kwanza na asitoke bila dawa yake. Kwa mwenye afya, hatari za baridi ni mbili tu, na zote zinazuilika.

Ya kwanza ni upepo wa mteremkoni. Hewa ya nyuzi 10, ukiteremka kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, ngozi huihisi kama nyuzi 7, na vidole vikifa ganzi havishiki breki. Kwa hiyo kinga vidole, kifua na masikio kabla ya kitu kingine. Waendesha bodaboda wetu walishatufundisha somo hili: wanavaa jaketi kinyume, mgongo ukiwa mbele, ili upepo usipate pa kuingilia. Waendesha baiskeli wa Ulaya nao kwa miaka mingi walipofika kilele cha mlima walipokea gazeti kutoka kwa watazamaji, wakalitia chini ya jezi na kuteremka nalo kifuani. Karatasi huzuia upepo vizuri na haina gharama. Gazeti hili ukishalisoma, lina kazi nyingine ya kukufanyia.

Ya pili ni kusimama ukiwa umelowa jasho. Mtu huwa na joto anapokanyaga pedali, kisha anaketi kibandani kunywa chai na fulana imeloa mgongoni, na hapo baridi humkamata. Beba fulana kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliofungwa vizuri, ubadilishe kabla hujaketi. Vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya sweta moja zito, uweze kuvua moja ukipanda na kuirudisha ukishuka. Kunywa maji hata kama huna kiu, maana baridi huificha kiu lakini haiondoi haja ya maji. Washa taa, mbele na nyuma. Julai jua la Nairobi huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na wingu likiwa chini giza huchelewa kuondoka. Dereva wa lori asikuone akiwa amekukaribia. Na usitoke peke yako. Kikundi cha watu watano au sita huonekana na madereva, huogopwa na wezi, na pancha ya mmoja huzibwa na wote.

Nimeyaeleza hayo ili ionekane kwamba baridi ina majibu, na majibu yake ni rahisi. Oulu, mji wa kaskazini mwa Finland, watu wanaendesha baiskeli kwenda kazini na shuleni kukiwa na theluji na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Si kwamba wana ngozi tofauti na yetu. Njia zao za baiskeli zimetenganishwa na magari, zinawashwa taa, na theluji huondolewa asubuhi kabla watu hawajatoka. Copenhagen nako, theluji ikianguka, njia kuu za baiskeli husafishwa mapema kabisa. Kumbe si hali ya hewa inayoamua kama watu wataendesha baiskeli. Kinachoamua ni kama mtu anaamini atafika akiwa hai.

Na hapa ndipo penye lawama yangu. Kijana anayetoka Jericho kwenda Tala hana tatizo na Tala. Tatizo lake ni kilomita chache za kwanza. Barabara ya Outer Ring, yenye urefu wa kilomita 13, ilipopanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijengewa njia za miguu na za baiskeli. Leo pita uone: hapa pikipiki zimeegeshwa, pale kuna kibanda, kwingine matatu imepanda juu kutafuta abiria. Mwendesha baiskeli anarudi barabarani, kati ya lori na basi. Barabara ya Kangundo, ikishaingia Njiru, ina magari ya kasi na ukingo ambao mahali pengine ni vumbi na mashimo. Barabara ya Jogoo yenyewe, mshipa wa Eastlands nzima, mwenye baiskeli huipita akimwomba Mungu. Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, baiskeli na watembea kwa miguu walipigwa marufuku juu yake, na chini yake hawakutengenezewa njia inayowatosha.

Haya yote yametokea ilhali ahadi ipo. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini na kuahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ahadi hiyo ni nzuri kuliko ya miji mingi duniani. Iko kwenye karatasi. Mwaka 2019 Serikali ya Kitaifa ilitangaza kwamba baadhi ya sehemu za jiji, Westlands ikiwemo, hazingeingia magari siku mbili za wiki. Mpango ukaahirishwa, na hatukuusikia tena. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kikundi cha Critical Mass Nairobi kilichoanzishwa na Cyprine Odada mwaka 2014 hukusanya waendesha baiskeli na kupita nao jijini kwa pamoja, wakionyesha kwamba wapo na wana haki ya barabara. Ni kazi kubwa, lakini haifai raia wangojee usalama mara moja kwa mwezi.

Majirani wametutangulia. Kigali imekuwa ikifunga barabara kadhaa kwa magari tangu 2016, na sasa hufanya hivyo Jumapili mbili za kila mwezi, watu wakikimbia, wakitembea na kuendesha baiskeli. Addis Ababa ilianza yake mwishoni mwa 2018. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulio juu zaidi ya Nairobi na wenye baridi yake, umefanya hivyo tangu 1974. Kila Jumapili zaidi ya kilomita 120 za barabara huachiwa wananchi. Hakuna hata mji mmoja kati ya hiyo uliokwama kiuchumi kwa sababu watoto waliendesha baiskeli Jumapili asubuhi.

Kwa hiyo nina maombi manne, na yote yako ndani ya uwezo wa wanaohusika. Kwanza, Kaunti ya Nairobi na Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, zifunge upande mmoja wa Barabara ya Jogoo kila Jumapili, kutoka City Stadium hadi Donholm, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Matatu na wanaokwenda kanisani watumie upande wa pili chini ya askari wa trafiki. Ianze Julai hii, mwezi ambao tunadhani hakuna atakayetoka, tuone kama hawatatoka.

Pili, njia ya baiskeli ya Outer Ring irudishiwe kazi yake. Sisemi wachuuzi wapigwe na kufukuzwa. Ni jirani zetu na wana watoto wa kulisha. Wapewe mahali pa kuuzia palipopangwa, na vizuizi viwekwe vinavyozuia matatu na pikipiki kuipanda njia hiyo. Tatu, Barabara ya Kangundo kuanzia Njiru hadi mpaka wa kaunti ijengewe ukingo wa lami wenye upana wa kutosha, uliotenganishwa na magari. Huo utamfaa mwanafunzi wa Ruai na mama anayekwenda sokoni kabla haujamfaa mtu wa matembezi ya Jumapili.

Nne, tuwe na baiskeli za kuazimwa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti michezo, bustani na mahali pa burudani. Tayari tuna Camp Toyoyo, tuna maktaba ya Makadara, tuna kumbi za kijamii. Mahali ambapo mtoto huazima kitabu kwa kitambulisho cha mzazi anaweza pia kuazima baiskeli na kofia ngumu kwa siku moja, msichana na mvulana sawasawa, akiwa na mtu mzima wa kuwaongoza. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kilomita moja ya barabara ya juu ambayo watoto hao hawaruhusiwi hata kuikanyaga.

Kwa viongozi wa Makadara, Embakasi na Kamukunji nasema: msingoje bajeti ijayo. Jumapili nne za Julai hazihitaji saruji, zinahitaji agizo na askari wachache. Na kwa kijana wa Jericho nasema: tafuta wenzako watano, mkaguane breki na taa, vaeni jaketi, wekeni gazeti kifuani, na mwaka huu Julai isiwakute kitandani. Tala haiko mbali, na chai ya kule ni moto.